Njaa Ianziayo Ghalani

Njaa haisababishwi na ukame pekee. Mavuno mema yaonyeshwayo na wakulima katika sherehe za Nane Nane viwanjani Themi, Njiro, yaweza kupotea ghalani. Adui mkubwa ni dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyeripotiwa Tabora mwaka 1981. Hutoboa punje na kuzigeuza unga, hasa mahindi yakiwa bado magunzini.

Kinga yake ni hii: mahindi yapukuchuliwe, yakaushwe barabara, kisha yafungwe katika chombo kisichopitisha hewa. Wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua, nao hufa.

Zoezi: Pima uzito wa punje 100 nzima na wa punje 100 zilizotobolewa. Tofauti hiyo ni chakula kilichopotea.