Motokaa ya Dizeli Izungukayo Isiwake

Mkulima mwenzangu, mahindi yamekwisha kupakiwa, nayo injini yazunguka lakini haiwaki. Usiendelee kuizungusha mpaka betri ife; tazama kwanza moshi.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche: mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Kwa hiyo, pasipotoka moshi wo wote, yamkini mafuta hayafiki. Ukitoka moshi mweupe, mafuta yafika ila joto halitoshi: ama injini yazunguka polepole kwa udhaifu wa betri, ama plagi za kupasha joto zimeharibika, ama silinda hazishindilii hewa vema.

Moshi usipoonekana, fanya hivi:

1. Pima mafuta tangini.
2. Toa maji yaliyotuama chini ya chujio. Likiwa limeziba, weka jipya.
3. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, sukuma pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha ikaze.

Angalia sana: usikaribishe mkono penye nozeli. Mafuta yarukayo kwa nguvu hutoboa ngozi, na jeraha hilo, hata likiwa dogo, lataka daktari upesi.

Ikikataa baada ya hayo, mwite fundi, betri ingali na nguvu.