Dondoo muhimu: Vidonge vya majira vyenye homoni mbili

• Kabla ya kuanza, pimwa shinikizo la damu. Mweleze mhudumu kama unanyonyesha, unavuta sigara na umefikisha miaka 35, unaugua kipandauso, au damu yako imewahi kuganda kwenye mishipa.

• Meza kidonge kimoja kila siku, saa ileile.

• Ukisahau kimoja, kimeze mara ukumbukapo. Ukikosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja haraka, endelea na ratiba, na tumia kondomu kwa siku 7.

• Ukiandikiwa dawa za kifua kikuu au kifafa, taja vidonge hivi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge.

• Maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma ghafla au kutoona vizuri: wahi hospitali.

• Havizuii VVU. Tumia kondomu pia.