Ua la Nyinyoro: Alama na Mwenye Kuibeba



Vijana wetu wa Skauti huvaa alama ya ua lenye petali tatu zilizofungwa pamoja kwa ukanda. Alama hiyo huonekana pia katika makanisa, kwenye madirisha ya vioo vya rangi na kwenye vitambaa vya altare. Wafaransa huiita fleur-de-lis, yaani ua la nyinyoro. Katika somo hili tutaangalia ilikotoka na jinsi ilivyotumika. Nawasihi msome hadi mwisho, maana historia yake ina sehemu njema na sehemu ya kuhuzunisha, na hiyo ya kuhuzunisha inatugusa sisi watu wa Afrika Mashariki.

1. Umbo lake

Ukilitazama kwa makini, ua hili halifanani sana na nyinyoro. Petali ya katikati imesimama wima kama mkuki, na zile za kando zimepinda kwenda nje. Wengi huona kwamba limefanana zaidi na airisi ya njano, ua liotalo kandokando ya mito na mabwawa huko Ulaya. Lakini jina la nyinyoro ndilo lililoshika.

2. Ua la Bikira Mariamu

Wakristo wa kale waliichukua nyinyoro nyeupe kuwa mfano wa usafi wa Bikira Mariamu. Ndiyo sababu katika picha nyingi za Kupashwa Habari, Malaika Gabrieli ameshika tawi la nyinyoro. Tena watu waliona katika petali tatu mfano wa Utatu Mtakatifu: petali ni tatu, lakini ua ni moja.

3. Ua la wafalme

Iko hadithi kwamba malaika alileta nyinyoro kwa ajili ya mfalme Clovis, yule aliyebatizwa katika mji wa Reims karibu na mwaka 496. Hadithi hiyo ilitungwa karne nyingi baada ya Clovis kufa. Lililo hakika ni kwamba katika karne ya 12 wafalme wa Ufaransa walianza kulitumia ua hili, na ngao yao ikawa ya buluu iliyotapakaa maua ya dhahabu. Karibu na mwaka 1376, Mfalme Charles wa Tano aliyapunguza yakawa matatu tu, kwa heshima ya Utatu.

Angalieni faida waliyoipata wafalme. Mwenye kubeba ua la Mariamu alionekana amechaguliwa na Mungu. Basi Edward wa Tatu wa Uingereza alipodai kiti cha enzi cha Ufaransa mwaka 1340, naye aliyatia maua hayo katika ngao yake. Wafalme wa Uingereza hawakuyaondoa mpaka mwaka 1801.

4. Ua begani

Sasa tufike kwenye sehemu nzito. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne alitoa sheria ya watumwa katika visiwa vyake vya Karibi. Sheria hiyo iliamuru watumwa wote wabatizwe. Iliamuru pia kwamba mtumwa aliyetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na kuchomwa begani chapa ya ua la nyinyoro. Akitoroka mara ya pili, akatwe mshipa wa mguu na kuchomwa bega la pili. Mara ya tatu, auawe.

Mwaka 1723 sheria ya namna hiyo ilipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo leo huitwa Réunion na Mauritius. Watumwa wengi wa visiwa hivyo walitoka pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa bara letu, aliyepitishwa Kilwa na kuvushwa bahari, akithubutu kuwa mtoro, sheria ilitaka achomwe ua la Bikira Mariamu kwa chuma cha moto.

Maji ya ubatizo na chuma cha moto viliamriwa na sheria moja. Tusipite hapa kwa haraka.

5. Ua la dira

Ua hili lilikuwa na kazi nyingine pia. Wachora ramani na watengenezaji wa dira walilitumia kuonyesha upande wa kaskazini. Huko ndiko Baden-Powell alikolitoa alipoanzisha Skauti. Alieleza kwamba Skauti ni mtu wa kuonyesha njia iliyo sawa, na petali tatu humkumbusha sehemu tatu za ahadi yake. Mzee huyo alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya.

Huko Marekani, jimbo la Louisiana, lililokuwa na sheria kama ile ya watumwa tangu mwaka 1724, lililifanya ua hili kuwa alama rasmi ya jimbo mwaka 2008. Wako watu weusi wa huko wanaolivaa kwa fahari, na wako wasiotaka kuliona.

6. Fundisho letu

Alama haijisemei yenyewe. Husemewa na matendo ya mwenye kuibeba. Ua lilikuwa mfano wa usafi, na wenye nguvu wakaligeuza kuwa jeraha. Msalaba nao ulikuwa chombo cha Warumi cha kuulia watumwa na waasi, na Bwana wetu aliugeuza kuwa tumaini. Basi kijana avaaye ua kifuani, na sisi tuvaao msalaba shingoni, tujiulize kila siku: jirani akituona, alama yetu humwambia nini?

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wafalme walipenda kutumia alama ya dini?
2. Je, alama iliyotumiwa kwa ukatili yafaa iachwe, au yaweza kusafishwa? Toa sababu.
3. Katika mtaa wetu, ni mambo gani yanayofanywa chini ya alama ya msalaba yasiyopatana nao?