Mada ya 9: Nani Hulinda Fedha za Umma? Usimamizi na Ukaguzi wa Fedha za UVIKO-19

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza chanzo na matumizi ya fedha za UVIKO-19 nchini Tanzania;
(b) kutaja vyombo vinavyosimamia fedha za umma na kazi ya kila kimoja;
(c) kutofautisha hoja ya ukaguzi, tuhuma na hukumu.

9.1 Fedha zilitoka wapi?

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 2020. Utalii ulishuka, biashara zikayumba na mapato ya Serikali yakapungua. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 567.25, sawa na takriban shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Fedha zilielekezwa kwenye afya, elimu, maji, utalii na maeneo mengine, na sehemu yake ilikwenda Zanzibar.

Katika elimu ulipangwa ujenzi wa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Piga hesabu: 15,000 × 20,000,000 = shilingi bilioni 300.

Huenda ukajiuliza darasa linahusianaje na ugonjwa. Wanafunzi wakibanana katika chumba kimoja, maambukizi huenea kwa urahisi. Madarasa hayo yalitakiwa yawe tayari kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuripoti Januari 2022.

*Zingatia:* Mkopo hulipwa. Anayeulipa ni mwananchi kupitia kodi, wakiwemo wazazi wako na wewe mwenyewe utakapoanza kazi. Ndiyo maana hatuwezi kusema, "fedha za wafadhili hazituhusu."

9.2 Kwa nini fedha za dharura huhitaji jicho kali zaidi?

1. Haraka: muda wa kutangaza zabuni na kulinganisha bei huwa mfupi.
2. Wingi wa vituo: fedha hugawanywa kwa maelfu ya shule, zahanati na miradi.
3. Bei hupanda: wanunuzi wengi wakitafuta saruji na mabati kwa wakati mmoja, wauzaji huongeza bei.
4. Utaalamu mdogo: madarasa mengi yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati za shule hununua vifaa na kuwapa mafundi wa eneo hilo kazi. Gharama hupungua, lakini wajumbe wengi si wahasibu wala wahandisi.

9.3 Mlolongo wa uwajibikaji

*(a) Kamati za shule na jamii.* Hupokea vifaa, huvihesabu na kuandika kumbukumbu. Mwananchi anayo haki ya kusomewa mapato na matumizi katika mkutano wa kijiji au mtaa wake.

*(b) Afisa Masuuli na mkaguzi wa ndani.* Katika halmashauri, Afisa Masuuli ni Mkurugenzi, na ndiye anayejibu kuhusu kila shilingi. Mkaguzi wa ndani humsaidia kugundua kasoro mapema.

*(c) Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG).* Ofisi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Huhakikisha kuwa fedha zilizotolewa ziliidhinishwa na zilitumika kwa kusudi lililokubaliwa, na hukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka. Katika kazi hiyo halazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote. Huwasilisha taarifa kwa Rais, naye huagiza ipelekwe bungeni. Rais asipofanya hivyo, CAG huiwasilisha kwa Spika.

*(d) Bunge.* Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) hushughulikia wizara na taasisi za Serikali Kuu. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) hushughulikia halmashauri. Kamati hizi huwaita Maafisa Masuuli na kuwahoji.

*(e) TAKUKURU, Mkurugenzi wa Mashtaka na Mahakama.* TAKUKURU huchunguza rushwa, Mkurugenzi wa Mashtaka huamua kama kuna kesi, na Mahakama peke yake ndiyo humtia mtu hatiani.

9.4 Mkaguzi hufanyaje kazi?

Tutumie mfano wa kubuni. Tuseme shule moja ya kata karibu na Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ilipokea shilingi milioni 40 kwa madarasa mawili. Mkaguzi anafika na kuomba daftari la stoo, stakabadhi na mihtasari ya kamati. Kuhusu saruji anakuta hivi:

- Iliyonunuliwa kwa mujibu wa stakabadhi: mifuko 260
- Iliyotolewa kwa mafundi kwa mujibu wa daftari: mifuko 215
- Inayopaswa kubaki: 260 − 215 = mifuko 45
- Iliyohesabiwa stoo: mifuko 15
- Pungufu: 45 − 15 = mifuko 30

Ikiwa mfuko mmoja ulinunuliwa kwa shilingi 17,000, thamani ya pungufu ni 30 × 17,000 = shilingi 510,000.

Je, saruji imeibwa? Huwezi kusema bado. Huenda ilitumika bila kuandikwa. Huenda iliharibiwa na mvua za masika, ambazo katika bonde la Kilombero si haba. Huenda haikufikishwa kabisa, au kweli imeibwa. Mkaguzi huandika hoja, huutaka uongozi utoe majibu na vielelezo, kisha huifunga hoja au huiacha wazi.

Usidharau shilingi 510,000. Mafundi wakipunguza saruji ili kuziba pengo, sakafu itabanduka na ukuta utapata nyufa. Watakaoumia ni wanafunzi watakaokaa humo miaka mingi baada ya kamati kusahaulika.

9.5 Hoja, tuhuma na hukumu

| Neno | Nani hutoa | Maana |
|---|---|---|
| Hoja ya ukaguzi | Mkaguzi | Jambo linalohitaji maelezo au marekebisho |
| Tuhuma | Mwananchi, mbunge au mchunguzi | Dai kwamba kosa limetendeka |
| Hukumu | Mahakama | Uamuzi kwamba mtu ana hatia au hana |

Mkaguzi pia hutoa hati. Hati inayoridhisha humaanisha kuwa taarifa za fedha zimeandaliwa inavyotakiwa. Haimaanishi kwamba hakuna hata shilingi iliyopotea. Nyingine ni hati yenye shaka, hati isiyoridhisha na hati ya kushindwa kutoa maoni.

9.6 Mfano wa nchi jirani

Nchini Kenya, Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alifanya ukaguzi maalumu mwaka 2020 kuhusu vifaa vya UVIKO-19 vilivyonunuliwa na shirika la ugavi wa dawa na vifaa tiba, KEMSA. Taarifa yake ilionyesha ukiukwaji wa taratibu za manunuzi na bei zilizozidi za soko. Bunge liliwahoji wahusika na vyombo vya uchunguzi vikaanza kazi. Angalia mlolongo: mkaguzi aliibua hoja, na vyombo vingine vikaendelea kuanzia hapo.

9.7 Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika kwamba CAG hukamata au hufunga wezi. Hana mamlaka hayo.
2. Kuchanganya PAC na LAAC. Swali likitaja halmashauri, kumbuka LAAC.
3. Kudhani kila hoja ni wizi.
4. Kuorodhesha vyombo bila kueleza kazi zake.

9.8 Swali na mwongozo wa jibu

*Swali:* "Taarifa ya CAG isiyofanyiwa kazi ni karatasi tu." Jadili kauli hii kwa hoja nne.

*Mwongozo:* Anza kwa kueleza CAG ni nani. Kisha onyesha kwamba:
(i) CAG hutoa mapendekezo, lakini utekelezaji ni wa Afisa Masuuli;
(ii) Bunge lisipofuatilia, hoja zilezile hujirudia kila mwaka;
(iii) tuhuma zisipochunguzwa, wahalifu hawaogopi;
(iv) hata hivyo taarifa ikichapishwa huwapa wananchi maarifa ya kuhoji, hivyo si karatasi tu.
Hitimisha kwa msimamo wako.

Zoezi

1. Taja tofauti mbili kati ya mkaguzi wa ndani na CAG.
2. Shule ilinunua mabati 120, ikaezeka 96, na stoo yamebaki 18. Tafuta pungufu, kisha taja maelezo matatu yanayowezekana na kielelezo kimoja cha kuthibitisha kila moja.
3. Kwa nini Katiba inalinda uhuru wa CAG?
4. Tembelea ubao wa matangazo wa kijiji, mtaa au shule yako. Je, mapato na matumizi yamebandikwa? Kama hayapo, andika maswali matatu ambayo mwananchi anaweza kuuliza katika mkutano ujao.