Yai Libaki Nyumbani: Kijitabu cha Lishe kwa Kaya Zinazofuga Kuku Mkoani Singida

Mfanyabiashara wa kuku jijini Dar es Salaam akitaka kuisifu bidhaa yake, hutaja jina moja tu: Singida. Sifa hiyo haikuja bure. Kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi, Manyoni na Itigi, ni vigumu kuingia kwenye mji ukakosa kuku anayeparura uani. Matenga yanapakiwa, yanafungwa kamba, yanashika barabara ya Dodoma. Mayai nayo hukusanywa nyumba kwa nyumba na kupelekwa mjini.

Kijitabu hiki kinahusu kinachobaki nyumbani baada ya tenga kuondoka. Katika kaya nyingi, mtoto wa mwaka mmoja hunywa uji wa uwele au mahindi asubuhi, mchana akala ugali na mlenda, na jioni ugali na mlenda tena. Mlenda ni mboga njema, na uwele ni nafaka ya kujivunia katika nchi hii yenye mvua chache. Lakini mwili wa mtoto unaokua unahitaji kitu ambacho vyakula hivyo viwili havitoshi kukitoa, na kitu hicho kimelala kwenye kiota, hatua chache kutoka jikoni.

Kufuga si kula

Kati ya mwaka 2014 na 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walifuatilia kaya 503 zenye watoto wadogo katika vijiji vya wilaya ya Manyoni. Walitaka kujua kama kuku wa nyumbani wanabadilisha ulaji na ukuaji wa mtoto. Urefu wa watoto wa kaya zenye kuku haukuonekana kutofautiana na ule wa watoto wa kaya zisizo na kuku.

Tunaomba kila mzazi alitafakari jambo hilo. Kuku kuwepo uani pekee hakumhakikishii mtoto kitu sahanini. Yai huuzwa ili kununua chumvi, sabuni au daftari, au huachwa liwe kifaranga, kwa kuwa kifaranga ni kuku wa kesho na kuku ni benki ya kaya. Hayo ni mahesabu ya watu wenye akili. Tunachosema ni kwamba katika mahesabu hayo mtoto naye awekewe fungu lake, tena lijulikane mapema, si litokee kwa bahati siku yai linapopasuka.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Ubongo wake nao ulikosa chakula katika miaka ambayo ulikuwa unajengwa, na miaka hiyo, kuanzia mimba hadi anapotimiza miaka 2, hairudi.

Ndani ya ganda

Yai la ukubwa wa kati lina protini gramu 6 hivi. La kienyeji ni dogo kidogo, kwa hiyo lina pungufu ya hapo. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini uzito wake uko katika ubora. Protini hujengwa kwa vipande vingi, na mwili hauwezi kuvitengeneza vyote wenyewe. Uwele, mtama na mahindi vina upungufu wa kipande kimoja muhimu kiitwacho laisini. Yai linacho cha kutosha. Ndiyo maana yai moja likiliwa pamoja na ugali huufanya hata ule ugali ufanye kazi zaidi mwilini.

Kiini ndicho kina hazina kubwa: vitamini A kwa macho na kinga, vitamini D, vitamini B12 ambayo haipatikani kwenye nafaka wala majani, na kolini inayojenga ubongo na uti wa mgongo. Anayempa mtoto ute na kubakiza kiini amempunja.

Watu huuliza kama yai la kienyeji lina lishe kuliko la kisasa kwa kuwa kiini chake ni cha njano iliyokolea. Rangi hutokana na majani na wadudu anaokula kuku. Masika majani yakiwa mengi hukolea, kiangazi hupauka. Kwa protini, tofauti yao ni ndogo, kwa hiyo anayepata la kisasa dukani asidhani amekosa.

Yai lina mapungufu pia. Halina vitamini C, halina nyuzinyuzi, na madini chuma yake hayanyonywi vizuri na mwili. Singida imejaliwa dawa ya hilo: ubuyu. Uji wa ubuyu, embe, papai au chungwa baada ya mlo husaidia mwili kuyapata madini hayo. Chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, ni vyema isubiri saa moja.

Na yai peke yake halimalizi udumavu. Katika mkoa wa Cotopaxi nchini Ekuador, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa karibu nusu. Habari hiyo ilishangiliwa dunia nzima. Jaribio kama hilo lilipofanywa Mangochi, nchini Malawi, urefu wa watoto haukubadilika. Mangochi iko kando ya ziwa, na watoto wengi wa huko tayari walikuwa wanakula samaki. Kwa maoni yetu, mtoto wa kijiji kisicho na samaki wala maziwa ya kutosha ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kupata katika yai. Wazazi wa Singida wajipime wenyewe hapo.

Mtoto, mama na miiko

Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama tu. Akitimiza miezi 6, yai lianze, sambamba na uji na mboga zilizopondwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, iwe nyama, samaki au yai. Anza na kijiko kimoja cha chai cha yai lililoiva sawasawa, lililopondwa kwa maziwa ya mama au uji. Mwangalie siku hiyo. Akitoka vipele, akavimba midomo au akatapika, usimpe tena, mpeleke kituo cha afya. Asipoonyesha dalili, ongeza kidogo kidogo mpaka amalize yai zima.

Wako wanaosema mtoto akila yai atachelewa kusema, au atakuwa mwizi. Wako wanaosema mjamzito akila yai atazaa mtoto asiye na nywele, au mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Maneno haya tuliyasikia kwa bibi zetu, na hatuwadharau. Zamani, ugonjwa ulipoweza kufagia kuku wote wa kijiji kwa wiki moja, kila yai lililoliwa lilikuwa kuku aliyepotea, na huenda mwiko uliwekwa kulinda uzao wa kuku. Lakini nywele za mtoto hazihusiani na yai. Ugumu wa kujifungua una sababu zake: nyonga nyembamba, mtoto kukaa vibaya, kisukari kisichotibiwa. Mjamzito anayekula mayai anamjenga mtoto damu, misuli na ubongo.

Bibi mkwe ndiye mara nyingi mwenye neno la mwisho kuhusu chakula cha mjukuu. Kwa hiyo, mama, ukienda kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mchukue na mkweo. Asikie mwenyewe kutoka kwa mhudumu, aulize, na mtoto apimwe urefu mbele yake. Na baba naye asikae mbali: yeye ndiye huamua kuku yupi auzwe.

Kwa watu wazima, swali ni la moyo. Yai lina lehemu, ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, kiasi cha miligramu 190 hivi. Kwa miaka mingi watu walionywa wasile mayai kwa sababu hiyo. Baadaye ilieleweka kwamba lehemu nyingi iliyomo kwenye damu hutengenezwa na ini lenyewe, na mafuta mazito huliongezea ini kazi hiyo kuliko yai lenyewe. Mtu mzima mwenye afya anaweza kula yai moja kwa siku bila hofu. Mwenye kisukari au aliyeambiwa lehemu yake iko juu aulize kliniki kiasi kinachomfaa. Wasiwasi wetu mkubwa zaidi uko kwenye chipsi mayai za jioni, zilizokaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa rudiwa mpaka yakawa meusi.

Wazee wasisahauliwe. Asiye na meno hushindwa nyama, lakini yai la kuchemsha halimshindi.

Yai lipi liliwe

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuchukue kaya yenye matetea 5. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 15 hivi kwa mkupuo, mara 3 kwa mwaka. Jumla ni mayai 225. Tuseme mama huwaatamisha wote mara mbili kwa mwaka, mayai 12 kwa kila kuku: yametumika 120. Mayai 8 katika kila 10 yakianguliwa, amepata vifaranga 96. Mwewe, kicheche, baridi na mdondo wakichukua nusu, jambo ambalo kila mfugaji amelionja, wanabaki 48.

Sasa tuseme anaatamisha mara moja tu, mayai 60, anapata vifaranga 48, na anawatunza vizuri hadi wanakufa 8 tu. Amebaki na kuku 40. Amepungukiwa na kuku 8, lakini ameokoa mayai 60. Mayai yasiyoatamiwa sasa ni 165, yaani matatu kwa kila wiki ya mwaka. Hilo ndilo fungu la mtoto, na ukiacha kuku hao 8, halikutoka mfukoni kwa mtu. Limetoka kwa mwewe na kwa mdondo.

Kumwokoa kifaranga kunaanza na chanjo. Mdondo, au kideri kama wengine waitavyo, hauna tiba. Kuku husinzia, huharisha kijani, hupinda shingo, na banda huwa tupu. Chanjo ya I-2 huhimili joto vizuri kuliko chanjo za kawaida, kwa hiyo inafaa vijijini. Ni tone moja katika jicho moja, kwa mkubwa na kwa kifaranga vilevile, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Wachanjwe kuku wazima pekee, na kabla ya kiangazi kukolea, maana ndipo ugonjwa hushamiri. Majirani wakichanja siku moja, kijiji kizima hupona. Nyumba moja ikikataa, imewaachia wenzake mlango wazi. Muulize ofisa mifugo wa kata.

Vifaranga wawekwe kwenye kinengunengu, yaani kifaa cha kulelea vifaranga, au chini ya tenga kwa wiki 4 za kwanza, wapate joto, maji safi na chakula. Tetea aliyepunguziwa malezi hurudi kutaga mapema.

Kisha kuna hili dogo ambalo wengi hawalifanyi. Andika tarehe juu ya kila yai kwa penseli au kipande cha mkaa. Mayai ya kwanza ya mkupuo yaliwe, ya mwisho ndiyo yaatamiwe, kwa kuwa yai lililokaa zaidi ya siku 10 au 14 hupungukiwa nguvu ya kuanguliwa. Acha moja kiotani kama chambo, lenye alama, ili kuku asihame.

Kuku akipewa dawa, soma siku za kusubiri kwenye kifungashio. Mayai ya siku hizo yasiliwe wala yasiuzwe.

Jikoni

Yai litunzwe mahali penye ubaridi, bila kuoshwa, kwani maji huondoa utando unaozuia vijidudu. Lenye kinyesi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Kabla ya kupika, litumbukize kwenye bakuli la maji: likilala chini ni jipya na zuri, likisimama limezeeka na liliwe leo, likielea ni la kutupa. Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika mayai au kuku.

Ute na kiini vyote vigande. Yai bichi ndani ya maziwa, ambalo baadhi ya watu hunywa kutafuta nguvu, huweza kubeba bakteria wa salmonela, na bichi protini yake hainyonywi vizuri kama lililopikwa.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, chukua kitunguu kimoja kidogo, ukikatekate, kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Weka nyanya, kisha mchicha au majani ya kunde yaliyokatwa. Yakilainika, vunja yai juu yake, koroga mpaka ligande kabisa. Chumvi iwe kidogo mno. Pondaponda pamoja na ugali laini wa uwele, mlishe taratibu, na baadaye umpe ubuyu uliokorogwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Karibu kila kitu katika sahani hiyo huzalishwa Singida.