Dondoo muhimu: Kufundisha insha ya kitaaluma

Insha ya kitaaluma husimama juu ya hoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. "Insha hii inahusu Vita vya Maji Maji" ni mada tu. "Kilimo cha lazima cha pamba ndicho kilichowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905" ni hoja: inaweza kupingwa, hivyo inadai ushahidi. Mwalimu aiandike ubaoni, darasa liipinge na kuitetea kwanza, kalamu baadaye. Kila aya ibebe wazo moja, ushahidi wake, na maelezo ya jinsi ushahidi huo unavyoitetea hoja. Maelezo hayo ndiyo husahaulika zaidi. Vyanzo vitajwe. Rasimu ya kwanza isipewe alama, bali maswali pembezoni.