Usiuze Bodaboda Ununue Kumbukumbu

Leo nina maswali mawili mezani, na yote yanahusu kichwa.

La kwanza ni la kijana wa bodaboda wa Kawangware anayetaka kurudia mtihani wa KCSE. Ameona video ya chipu inayowekwa kwenye ubongo, akaambiwa inamfanya mtu akumbuke kila anachosoma. Anauliza, akiuza pikipiki, pesa zitafika? La pili ni la mama wa Gatwekera, Kibera. Binti yake yuko Kidato cha Nne, anakesha na vitabu mpaka saa nane za usiku, na asubuhi hakumbuki kitu. Mama ameuziwa matone ya "kufungua akili" na anataka kujua kama ampe.

Mdogo wangu wa bodaboda, pikipiki usiiuze. Hakuna chipu ya kumwongezea mtu mzima wa afya kumbukumbu inayouzwa popote duniani, iwe Nairobi au Marekani. Anayekuambia anayo ni tapeli.

Hizo video mara nyingi humwonyesha Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza baada ya kuumia akiogelea. Januari 2024 alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa chipu ya kampuni ya Neuralink. Chipu ile inasoma nia yake ya kusogeza mkono, na mshale wa kompyuta unasogea. Kwa mtu asiyeweza kuinua hata kidole, hilo ni jambo kubwa sana, lakini chipu hiyo haimsaidii kukariri. Tena wiki chache baada ya upasuaji baadhi ya nyuzi za chipu zilichomoka ubongoni, ikabidi wahandisi warekebishe programu.

Utafiti wa kumbukumbu upo, na ni wa kweli. Mwaka 2018 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Wake Forest na Southern California walitangaza kwamba waliwasaidia wagonjwa wachache wa kifafa kukumbuka vizuri zaidi, kwa takriban asilimia 35. Wagonjwa hao tayari walikuwa na nyaya ndani ya ubongo, walizowekewa na madaktari ili kutafuta kifafa chao kinaanzia wapi. Watafiti walirekodi jinsi ubongo wa kila mmoja unavyofanya kazi anapokumbuka sawasawa, kisha wakaurudishia mwendo uleule kwa umeme mdogo. Mwaka huohuo kundi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilipata ongezeko la asilimia 15 katika kukumbuka orodha za maneno. Naiombea kazi hiyo ifanikiwe, maana wapo wazee wanaosahau majina ya watoto wao. Lakini hakuna daktari mwadilifu atakayekutoboa fuvu la kichwa kwa sababu ya mtihani wa Kemia. Upasuaji wa ubongo unaweza kuleta damu kuvuja na maambukizi.

Nina hofu nyingine, na hii inatuhusu sisi wa mitaani. Mnakumbuka mradi wa Worldcoin? Mwaka 2023 vijana walipiga foleni ndefu pale ukumbi wa KICC, Nairobi, wapigwe picha za mboni za macho, wapate sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Siwalaumu waliopanga foleni. Shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba na unga. Lakini waliojua walichotoa ni wachache. Kesho mtu anaweza kuja Laini Saba kule Kibera au Gatina kule Kawangware na kofia ya kupima ubongo, akiwa na bahasha mkononi. Kabla hujakaa kitini, muulize maswali haya:

Una kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili ya utafiti? Data yangu itakaa wapi, na nani ataiona? Nikidhurika, nani atalipia matibabu? Naweza kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa? Akisitasita, inuka uende zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua na ya kukataa, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali mwenyewe. Lazima mzazi au mlezi aridhie.

Sasa mama yangu wa Gatwekera. Matone hayo usimpe. Binti yako anakosa usingizi. Mtu akilala ndipo ubongo unaimarisha alichosoma mchana, na kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Najua nyumba ni chumba kimoja, na muziki wa jirani hauzimwi. Basi afunge vitabu saa tatu usiku alale, aamke saa kumi na moja alfajiri wakati mtaa umetulia.

Abadilishe pia namna ya kusoma. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waligundua kwamba wanafunzi waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima waliwaacha mbali. Kwa hiyo afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue ajisahihishe. Amfundishe mdogo wake kwa sauti. Akirudia leo, arudie tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki.

Hili si geni kwetu. Nenda madrasa za Makina, Kibera, uone watoto wanaohifadhi Kurani yenye aya zaidi ya 6,200. Hawaongezi aya mpya kabla ya kumsomea mwalimu za jana. Wanafanya hivyo kila siku kwa miaka, na hawana waya wowote kichwani.

Ila kuna kusahau kunakohitaji daktari. Mtoto akiduwaa ghafla katikati ya mazungumzo, macho yamekodoa na hasikii ukimwita, huenda ni kifafa. Usimfungie ndani wala usiseme ni mapepo. Mpeleke kliniki, dawa za kifafa zipo, na nyingine ni za bei nafuu. Shirika la KAWE limekuwa likisaidia wagonjwa wa kifafa tangu 1982. Na wale mnaopeleka watoto ushago likizo, Siaya, Busia au Kakamega: mtoto akirudi na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, huko Kilifi wameonyesha kwamba malaria inayopanda kichwani huacha baadhi ya watoto na matatizo ya kumbukumbu ya muda mrefu. Neti ya mbu huko ushago inalinda akili ya mwanao kuliko matone yoyote.

Kijana wangu wa bodaboda, weka pikipiki yako, vaa helmeti kila safari, maana huo ubongo ndio utakaoingia nao kwenye mtihani. Tenga saa moja ya alfajiri ujipime. Jisajili urudie KCSE. Unaweza kufaulu kwa kichwa ulichonacho.